Naamka saa tisa kila usiku: ninunue dawa ya Kikorea au nibaki na sindano?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, kwetu Tanga. Nina mume na mtoto mmoja wa miaka saba, wote wako nyumbani. Mimi niko Daegu, Korea Kusini, mwaka wa tatu sasa, nasoma shahada ya uzamivu ya kemia. Nimebakiza mwaka na miezi nirudi, inshallah, kama nitarudi na akili zangu.

Tatizo langu ni usingizi. Si kwamba siupati. Napanda kitandani saa nne na nusu, napitiwa kama saa tano hivi, halafu saa tisa usiku macho haya hapa, kama mtu kaniita jina mlangoni. Imetoka hiyo. Nagaragara, nasoma, naswali rakaa mbili, narudi kulala, natazama dari. Kukikaribia kupambazuka ndipo napata kausingizi ka kuibia mpaka saa moja. Sasa ni mwaka na nusu, na kwa wiki nzima nikibahatika ni usiku mmoja tu ninaolala moja kwa moja.

Ilianza baba alipofariki. Simu ilinikuta huku ni saa tisa usiku, Tanga ilikuwa saa tatu. Kaka alipiga mara nne sikusikia, ya tano ndiyo nikapokea. Baba walimzika kesho yake baada ya adhuhuri, mimi bado natafuta tiketi. Tangu siku hiyo simu nalala nayo chini ya mto, sauti juu kabisa, maana mama naye ana kisukari na amebaki na dada wa kazi tu. Kaka yuko mtaa wa pili.

Daktari wa hospitali aliniandikia zolpidem, miligramu tano. Mwanzoni nilimeza wakati wa kulala, nikaona hainisaidii, saa tisa naamka vilevile. Basi siku hizi naimeza ile saa tisa nikishaamka. Napata saa mbili tatu, ila asubuhi natembea kama nimejazwa pamba kichwani. Wiki iliyopita nilimwaga asidi mezani maabara. Bahati nilikuwa na glavu.

Mwenzangu wa maabara, Mkorea, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka haniwon, zahanati ya tiba yao ya asili. Daktari ni mama mtu mzima. Alinishika vifundo vyote viwili vya mikono kwa vidole vitatu, akakaa kimya muda mrefu, akatazama ulimi, akauliza kama miguu huwa ya baridi. Kisha akasema, kwa tafsiri ya mwenzangu, moto wangu umepanda kifuani na maji hayafiki kuuzima. Akanidunga sindano kwenye vifundo vya mikono, utosini, na juu kidogo ya vifundo vya miguu, akaniwekea taa nyekundu tumboni, akafunga pazia. Shangazi, nilikoroma! Dakika ishirini, wakaja kuniamsha. Usiku ule nililala mpaka saa kumi na moja. Nimekwenda mara nne. Lakini sasa nimerudia saa tisa yangu, na daktari anasema sindano peke yake haitoshi, ninywe hanyak, dawa ya kuchemshwa, mwezi mzima, won 380,000. Hiyo ni hela yangu ya kula mwezi na zaidi.

Mume wangu nikimweleza anasema huo ni uganga tu, leo sindano, kesho nitaambiwa nichinje kuku mweusi. Mama anasema nisome Ayatul Kursiyyu niache kuhangaika na Wakorea.

Nitaje na hili: natumia kidonge cha presha, amlodipine, kila asubuhi tangu nijifungue. Daktari wa sindano hajui. Hakuuliza, au aliuliza na mwenzangu hakutafsiri.

Naomba unijibu, shangazi. Ni uganga? Nitoe hiyo hela? Na zolpidem niiache?

Mwanao nisiyelala, Daegu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole ya baba, ingawa imekuja kwa kuchelewa.

Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo lililonitia hofu: zolpidem ya saa tisa usiku. Kidonge kile kinamezwa na mtu anayekwenda kulala saa saba au nane mfululizo. Ukimeza saa tisa ukaamka saa moja, unaingia maabara dawa ingali mwilini. Hiyo ndiyo pamba yako ya kichwani, na hiyo ndiyo asidi yako ya mezani. Wanawake inatukaa mwilini muda mrefu kuliko wanaume. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kipimo cha kuanzia cha wanawake kipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5 kwa sababu ya watu kuendesha magari asubuhi wakiwa bado wamelewa dawa. Leo leo acha kuimeza usiku wa manane. Lakini usiitupe ghafla kama umekuwa ukiimeza kila siku kwa miezi. Ukiikata kwa mara moja, usingizi unaweza kuchafuka zaidi ya mwanzo ukadhani umerogwa kweli. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, mwambie ukweli wa saa unayomezea, akupangie kuishusha kidogo kidogo.

Sasa uganga. Mwambie mkwe wangu kuku abaki bandani. Yule mama wa haniwon ni hanuisa, daktari wa tiba ya Kikorea, na hilo jina halipewi kwa kurithi mkoba wa babu. Wanasoma chuo kikuu miaka sita, wanafanya mtihani wa taifa, wanapewa leseni na serikali. Kitabu chao kikubwa, Donguibogam, kiliandikwa na Heo Jun, tabibu wa mfalme Seonjo. Alikianza 1596, akakimaliza 1610, kikachapishwa 1613, juzuu 25, na ndani yake mna sura ya ndoto inayowazungumzia pia watu wasiolala. Mwaka 2009 UNESCO wakakiweka kwenye orodha yao ya kumbukumbu za dunia. Jini hapo hayumo, wala hutaombwa jina la mama yako mzazi.

Ila leseni ya serikali inakuhakikishia kwamba mtu amesoma. Haikuhakikishii kwamba kila alichosomea kinatibu. Hayo mawili wengi wanayachanganya, hata huko Korea kwenyewe, ambako madaktari wa hospitali na hawa wa haniwon wanagombana miaka nenda rudi.

Mimi Korea nimeikalia miaka minne, Seoul, mume wangu alipohamishiwa kikazi, na haniwon nimeingia kwa miguu yangu kwa ajili ya bega. Nilipigwa chuku, ile wanayoiita buhang, nikarudi nyumbani mgongo kama chuma cha vitumbua, miduara mitupu. (Kwetu pwani bibi zetu walifanya hivyo kwa pembe ya ng'ombe, na leo hijama imejaa mitaani, kwa hiyo sikushtuka sana.) Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele, unasikia uzito na mvutano zaidi kuliko maumivu. Na ile taa, pazia limefungwa, hakuna anayekuita, mtu mzima amekushika mkono kimya dakika nzima akakusikiliza damu. Sikatai kwamba ulikoroma. Hata mimi nilisinzia, na bega halikuwa na habari.

Lakini jiulize mwenyewe, mwanangu: kabla ya siku ile, ni lini mara ya mwisho ulilala mahali ambapo simu haikuwa nawe?

Nitarudi hapo.

Maneno ya daktari yako, moto umepanda na maji hayafiki, yasikutishe. Katika lugha ya tiba yao moyo ni moto na figo ni maji, na asiyelala huambiwa viwili hivyo havionani. Huhitaji kuamini kwamba figo yako imenuniana na moyo ili usikie alichokiona. Wakorea wana ugonjwa wanaouita hwabyeong, ugonjwa wa moto: huzuni au hasira iliyomezwa miaka, kifua kinabana, joto linapanda usoni, usingizi unakimbia. Sisi tunasema moyo unaungua. Yule mama alikushika mkono akaona mtu anaungua, ndivyo ninavyomwelewa mimi. Alama ya kifundo cha mkono aliyokudunga, kama ni ile ya mkunjo upande wa kidole cha mwisho, wanaiita Sinmun, mlango wa roho. Jina zuri.

Na je, sindano zinaleta usingizi? Mwaka 2012 watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima ubora, walikusanya majaribio 33 yenye watu zaidi ya 2,200. Mengi yalionyesha nafuu, lakini yalifanywa kwa namna ambayo hawakuweza kusema ndiyo wala hapana. Baadaye, 2019, likatoka jaribio zuri la Marekani: watu 160 waliowahi kuugua saratani na hawalali, nusu wakadungwa sindano wiki nane, nusu wakafundishwa namna ya kuupanga upya usingizi wao kwa mazoezi na nidhamu ya kitanda. Wote walipata nafuu ya maana. Wa mazoezi walipata zaidi. Na chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilishasema tangu 2016 kwamba asiyelala kwa muda mrefu aanze na mafunzo hayo kabla ya kidonge chochote.

Kwa hiyo kwa sindano jibu langu ni nenda. Bima ya taifa ya Korea inalipia sindano, moksa (majani makavu ya pakanga yanayochomwa karibu na ngozi) na chuku tangu 1987, na wanafunzi wa kigeni mmeingizwa kwenye bima hiyo kwa lazima tangu Machi 2021. Unakatwa kila mwezi upende usipende, basi itumie. Jipe mara sita hadi nane zaidi, kisha tazama daftari lako la usingizi, usitazame hamu yako. Hakikisha sindano inafunguliwa kwenye pakiti mpya mbele yako. Wakikwambia wakudunge ya sumu ya nyuki, bongchim, kataa. Hiyo huweza kumwangusha mtu mwenye mzio hapo hapo kitandani, na haihusiani na shida yako.

Hanyak ni habari nyingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Dawa za kuchemsha kwa sehemu kubwa hulipi kwa bima, ni mfuko wako. Tangu Novemba 2020 serikali imeanza kulipia kwa majaribio kwa magonjwa machache yaliyoorodheshwa, maumivu ya hedhi, uso kupooza na mengineyo, ila kukosa usingizi hakumo. Hapo ndipo zahanati nyingi zinapopatia riziki, na silisemi kwa ubaya, kila mtu ana kodi ya pango. Lakini daktari anayekwambia baada ya mara nne tu kwamba sindano hazitoshi, lipa laki tatu na themanini, hata kama ana nia njema, mwombe akupe muda.

Sababu yangu kubwa zaidi ni kile kidonge cha presha ulichokinyamazia. Dawa nyingi za Kikorea zina gamcho ndani yake, huikoleza na kuipatanisha mitishamba mingine. Gamcho ni urukususu, ule ule tunaoununua kwa wauza dawa wa Kiarabu kwa ajili ya kikohozi. Ukiutumia kwa wingi na kwa muda, mwili unashikilia chumvi, potasiamu inapungua, presha inapanda. Wewe kila asubuhi unameza amlodipine kuishusha, na jioni utakuwa unakunywa cha kuipandisha. Juu yake kuna zolpidem, na vikombe viwili vya kutuliza havikai pamoja bila mtu anayevijua vyote viwili kuvisimamia. Andika majina ya dawa zako kwenye karatasi, kwa herufi za Kikorea kama mwenzako atakusaidia, na uiweke mezani mbele ya yule mama kabla hajakushika mkono. Usingoje kuulizwa. Nimekuwa muuguzi miaka 27. Mgonjwa anayengoja kuulizwa ndiye tunayemkimbiza usiku.

Kama bado roho inakutuma kuonja dawa yao, zipo za unga zilizokaushwa, zimo kwenye orodha ya bima, bei yake ni ndogo. Uliza hizo kwanza, na uliza kila kilichomo. Inawezekana kabisa wakakutajia sanjoin, ambayo katika tiba yao ndiyo mbegu ya asiyelala tangu zama na zama. Nilipoona ule mti kwenye picha nilicheka peke yangu: ni mkunazi! Si huu wetu hasa, ni ndugu yake wa damu, lakini kunazi ni kunazi. Sisi majani yake tunaoshea maiti, wao mbegu yake wanamlalishia aliye hai. Chai ya kunazi kavu, daechu-cha, utaipata kila mkahawa wa kizamani, tamu, haina kafeini. Hiyo kunywa bila kuniuliza. Ila usije ukaenda Yangnyeongsi, lile soko la mitishamba la mjini kwako, ukajinunulia mizizi kwa kilo. Najua lilivyo, lipo tangu 1658 na linanukia mpaka barabarani, mtu unatamani kubeba kila kitu. Tembea, nusa, rudi mikono mitupu. Na akitokea wa kukuuzia dawa ya kupunguza unene, kimbia: mara nyingi ina mahwang, inayoendesha moyo mbio na kufukuza hata huo usingizi wa kuibia.

Sasa turudi kwenye simu.

Korea iko mbele ya Tanga kwa saa sita. Na saa za Kiswahili zinapishana na namba za saa kwa sita hizo hizo. Umeshaliona? Simu yako ya Daegu ikiandika 3:00, Tanga ni saa tatu. Ikiandika 7:00, Tanga ni saa saba. Namba za Korea ndizo saa za Kiswahili za nyumbani, bila kupiga hesabu yoyote. Mimi nililigundua wiki yangu ya kwanza Seoul nikafurahi kama mtoto: natazama ukutani tu, najua mama kashabandika sufuria. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba kwa hivyo kila nikitazama saa, siko nilipo. Niko nyumbani. Wewe ukiamka ukavuta simu chini ya mto ukakuta 3:00, husomi usiku wa Daegu. Unasoma saa tatu ya Tanga, wamemaliza kula, na kaka yako anapiga mara nne hupokei.

Hapo sindano haifiki, mwanangu, wala sanjoin. Wewe uko zamu. Mwili wako umejipangia ulinzi wa saa tisa ili simu ya pili isikupite kama ya kwanza, na unaifanya kazi hiyo vizuri mno. Mwaka na nusu, zamu ulizokosa ni za kuhesabu. Na kilichokutoa zamuni siku ile ni dakika ishirini za pazia lililofungwa.

Nilipoanza kazi wodini, nilikuwa nikitoka zamu ya usiku siendi kulala. Narudi wodini saa nne asubuhi kumtazama mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Siku moja sista aliyekuwa msimamizi wetu akanikuta mlangoni, nimevaa kanga, macho mekundu. Akaniuliza, "Umekabidhi?" Nikasema nimekabidhi. "Kitabuni umeandika?" Nimeandika. "Basi nenda." Hakuniambia pole wala hakunieleza faida za kulala. Alinifukuza.

Wewe hujamkabidhi mtu mama yako. Mkabidhi kaka, kwa maneno, si kwa kudhania. Mwambie: usiku wa Tanga ni wako. Kubalianeni mama akizidiwa anapelekwa hospitali gani, kwa usafiri wa nani, na hela ya kuanzia iko kwa nani. Tuma hiyo hela sasa ikae, hata kama ni kidogo, badala ya kununulia hanyak. Dada wa kazi afundishwe dalili za sukari kushuka na sukari kupanda, na namba ya kwanza kupiga iwe ya kaka, isiwe yako. Wewe ukipigiwa saa tisa usiku utafanya nini zaidi ya kulia na kutafuta tiketi? Nalisema hili kwa upole: hata ungepokea simu ya kwanza siku ile, usingeliwahi jeneza. Si simu nne zilizokukosesha kumzika baba. Ni bahari.

Kisha simu itoke chini ya mto. Weka juu ya friji, upande wa pili wa chumba. Simu nyingi zina mpangilio wa kutosumbuliwa unaozima kila kitu isipokuwa namba uliyoichagua, au mtu anayepiga mara mbili mfululizo. Namba ya kaka iache wazi, nyingine zote zilale, pamoja na lile kundi la ukoo linalotumiana picha za dua usiku kucha. Nunua saa ya kawaida ya kengele, igeuze uso ukutani. Usiku usijue ni saa ngapi. Na mama umpigie kila siku simu yako ikiandika 8:00 jioni, kwake ni saa nane mchana, ameshakula, mnaonana uso kwa uso. Ukishamwona, zamu yako imekwisha.

Kitanda nacho kina kanuni yake, na hii ndiyo sehemu ngumu. Unakaa kitandani saa nane na nusu unalala tano. Huko kuzidi ndiko unakogaragara, na kitanda kimejifunza kwamba wewe huja kwake kukesha. Kwa wiki mbili za kwanza panda kitandani saa sita na nusu usiku, amka saa kumi na mbili asubuhi, uwe umelala au hukulala, Jumapili na Jumatatu sawasawa. Usishuke chini ya hapo. Ukiona wiki nzima umelala karibu muda wote uliokuwa kitandani, ongeza robo saa. Wiki inayofuata robo nyingine. Ukiamka katikati ukaona usingizi hauji, ondoka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu ufanye kitu kisicho na maana mpaka usinzie. Rakaa mbili swali, lakini swali kwa Mungu, usiswali kwa ajili ya kulazimisha usingizi, unajua tofauti yake. Kiangazi alfajiri ya huko inaingia mapema kuliko ya Tanga. Amka uswali urudi, usihesabu hiyo kuwa ni kushindwa.

Nakuonya: siku kumi za mwanzo utachoka kuliko sasa. Mwombe msimamizi wako akuepushe na asidi kipindi hicho, au fanya kazi ya kuandika. Na kahawa, maana najua maabara za huko zinavyoendeshwa kwa amerikano ya barafu mpaka theluji inaanguka: nusu ya kafeini ya kikombe kimoja huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya adhuhuri. Joto la sakafu, ondol, lipunguze usiku.

Ayatul Kursiyyu soma, mama yuko sawa. Kituo cha ushauri cha chuo chako pia kipigie, uliza kama wana mtu wa mambo ya usingizi na msiba, kwa Kiingereza. Waambie daktari wa hospitali na yule mama wa sindano kuhusu kifo cha baba, wote wawili, kwa sababu naona katika barua yako hukusema umewaambia. Omba upimwe damu na tezi la shingo, na mwenzako wa chumba, kama yupo, akuambie kama unakoroma na kukatika pumzi. Na ikitokea usiku ukawa mzito kiasi cha kuona heri usingekuwepo, namba ya Korea ni 109, saa zote.

Orodha ni ndefu, usianze na yote. Kesho asubuhi daktari wa zolpidem. Na leo, simu yako ikiandika 8:00, anza na kaka.